Mtoto acheze wapi? Uwanja wa mbao, klabu ya likizo au klabu yetu wenyewe

Kila likizo ya kiangazi ikikaribia, simu yangu hujaa ujumbe wa sauti wa wazazi wenzangu hapa England. Mmoja yuko Barking, mwingine Leicester, wa tatu kahamishiwa Hull na hana anayemjua. Swali lao ni moja: wiki hizi sita watoto nitawapeleka wapi wakacheze? Ukiingia kwenye tovuti za halmashauri utakuta kila mahali pameandikwa kwamba wote wanakaribishwa. Ukifika langoni unawakuta wale wale wanaokuja kila mwaka.

Nimesimama pande zote mbili za lango hilo. Mwaka wa nane sasa najitolea kwenye uwanja mmoja wa watoto mashariki mwa London, na kabla ya hapo nilikuwa kati ya kina mama watano tuliofungua klabu ya Jumamosi ya watoto wetu katika ukumbi wa kukodi. Hapa nitaziweka huduma hizi bega kwa bega kama ninavyofanya kwenye simu, ila bila kukatizwa na mtoto anayelia. Nikisema watu wetu nawakusudia Wabarawa wa kaskazini mwa London, Wakongo, Warundi, Wabajuni, Watanzania, Wakenya, na yeyote anayemkemea mtoto kwa Kiswahili akivuka barabara bila kutazama. Taratibu nitakazozitaja ni za England.

Uwanja wa mbao na kamba

Bango langoni litasomeka Adventure Playground. Usitarajie bembea na mteremko wa plastiki. Utakuta minara ya mbao ambayo watoto wenyewe wamesaidia kuigonga misumari, kamba, matairi, udongo, na mara nyingi shimo la kuotea moto wa kuni. Asili yake ni Emdrup, kitongoji cha Copenhagen, mwaka 1943, Denmark ikiwa chini ya Wajerumani. Mbunifu wa bustani C. Th. Sørensen alikuwa ameona watoto wanafurahia zaidi mahame ya ujenzi kuliko bustani alizowachorea, basi wakafunguliwa uwanja wa makorokoro wajijengee watakacho. Lady Allen of Hurtwood, Mwingereza mtetezi wa watoto, alikwenda kuutazama mwaka 1946, akarudi na wazo hilo London, mji uliokuwa umejaa viwanja vilivyobomolewa na mabomu. Kauli yake inayokumbukwa hadi leo ni kwamba heri mfupa uliovunjika kuliko moyo uliovunjika.

Nilimtafsiria kauli hiyo mama mmoja wa Bukavu tukiwa tumesimama langoni, mwanawe wa kiume akimvuta mkono aingie. Akaitazama ile minara, akanitazama mimi. "Mufupa ikivunjika, dada," akasema, "ni mimi batauliza ku hospitali."

Wafanyakazi wengi wa huduma hizi hudhani watu wetu hawaji kwa sababu utamaduni wetu hautaki watoto wachafuke. Matope tunayajua tangu kwetu. Tunachoogopa ni maswali ya hospitali, na nyuma ya maswali hayo watu wa ustawi wa jamii, sosho kama tunavyowaita. Mzazi aliyekulia mahali ambapo jirani ana haki ya kumpiga kofi mwanao haoni ajabu mtoto kuteguka mguu. Anachokiona ajabu ni fomu. Kwa hiyo swali la kwanza la kuuliza langoni ni hili: mtoto akiumia mnafanya nini? Uwanja unaoendeshwa vizuri utakuonyesha daftari la ajali, mahali panapoandikwa saa, tukio na nani aliona, na utakutajia nani ana mafunzo ya huduma ya kwanza. Ile karatasi inakulinda wewe. Ukiulizwa hospitali, una maelezo ya mtu mwingine mwenye dhamana. Yule mama wa Bukavu alipoonyeshwa daftari alilisoma kurasa tatu nzima, akikuta vidole vilivyochomwa na vibanzi vya mbao na goti moja, ndipo akamwachia mtoto mkono.

Gharama: vingi ni bure. Umri hutofautiana, lakini kwa kawaida mtoto huachwa peke yake kuanzia miaka 6 au 8, na walio chini ya hapo huingia na mzazi. Jambo moja linalowashtua wengi, na afadhali ulijue mapema: katika vingi vya viwanja hivi mtoto anaruhusiwa kuja na kuondoka anapotaka. Si kituo cha kulelea. Ukienda kazini ukiamini kwamba amefungiwa ndani mpaka urudi, umekosea mahali.

Klabu ya likizo yenye chakula

Hii inajulikana kwa herufi tatu, HAF, yaani Holiday Activities and Food, shughuli na chakula cha likizo. Ilianza kwa majaribio mwaka 2018, na tangu 2021 ipo England nzima. Serikali inazipa halmashauri fedha, nazo zinawalipa shule, vilabu vya mpira, makanisa, misikiti na vituo vya jamii waendeshe shughuli. Kipimo chake ni siku 4 kwa wiki, saa 4 kwa siku, wiki 4 za kiangazi, wiki 1 ya Pasaka na wiki 1 ya Krismasi. Mtoto anacheza na anakula.

Mtego wake sijawahi kuuona ukielezwa kwenye kipeperushi. Nafasi hizi kimsingi ni za watoto wanaopata chakula cha shule bure kwa sababu ya kipato cha wazazi wao. Lakini watoto wa darasa la mapokezi hadi mwaka wa pili (miaka 4 hadi 7) wanakula bure England nzima bila kuangaliwa kipato, na London, tangu Septemba 2023, shule zote za msingi za serikali zinalisha bure. Mama anaona mtoto anakula, anaamini ameshaandikishwa, wala hajazi ile fomu ya kipato. Julai ikifika, msimbo wa kuweka nafasi haumfikii, kwa kuwa kwenye vitabu vya shule mtoto wake hana sifa. Halmashauri chache zimeanza kuandikisha familia moja kwa moja kutokana na kumbukumbu walizo nazo. Kwingine kote ni juu yako kwenda ofisi ya shule kuuliza: je, mwanangu ameandikwa kwa kipato, au anakula tu kwa kuwa wote wanakula? Uliza kabla ya Juni.

Wenye visa isiyoruhusu ruzuku ya serikali huwa hawaulizi kabisa, wakidhani hata kusogelea bembea ya bustani kutawaharibia maombi ya Home Office, wizara inayotoa visa. Orodha ya ruzuku zinazokatazwa ipo, na chakula cha shule hakimo. Uwanja wa michezo haumo. Tangu 2022 watoto wa familia hizi zenye kipato kidogo wanaweza kupewa chakula cha shule bure kwa msingi wa kipato, na mtoto anayepata chakula hicho ana mlango wa HAF pia. Karatasi ni nyingi kidogo, sikatai.

Chakula chenyewe kinatakiwa kizingatie viwango vya shule na mahitaji ya dini. Ukiuliza kama nyama ni halali, taka jina la bucha. Niliwahi kujibiwa na msimamizi wa klabu moja, kwa nia njema kabisa, kwamba kuna saladi.

Na kucheza je? Hutegemea sana mwendeshaji. Baadhi ni shule ya mpira iliyobandikwa jina la likizo: foleni, filimbi, koni za plastiki. Mtoto anayependa mpira atafurahi. Mtoto anayetaka kujenga kibanda na kukikalia atachoka siku ya pili.

Klabu yetu wenyewe

Hapa nitakaa kidogo, maana kila mwaka watu hunipigia wakitaka kuanzisha ya kwao.

Sababu za kuitaka ninazijua moyoni. Hakuna anayekosea jina la mtoto. Wali unanukia. Wasichana wa miaka 11 na 12, ambao kwingine wangebaki nyumbani kulea wadogo zao, wanaruhusiwa kuja kwa sababu baba anamjua kila aliyemo ukumbini. Kuna usalama wa kukaa na watu wako, na wasemaji wa kwamba tunajitenga wasikilize hili: Juni 2013 kituo cha Wabarawa cha Muswell Hill, mahali pa sala na pa watoto, kiliteketea kwa moto, na ukutani zikakutwa herufi za kundi lenye chuki na Waislamu. Baada ya siku kama ile huwezi kumlaumu mama anayetaka kuujua mlango anaoupita mwanawe.

Lakini hebu niseme ukweli wa ile klabu yetu. Ilikuwa ya muda wa saa 2. Nusu saa ya kwanza tulingoja watu wafike. Kisha hisabati, kwa sababu baba mmoja alijitolea kufundisha bure, nani angemkatalia? Kisha Kiswahili, kwa kuwa bibi zao walilalamika kwamba hawawezi kuongea nao kwenye simu. Kisha chakula. Siku niliyoamua kutazama saa, watoto walicheza dakika 20, tena kwenye korido, kwa sababu ukumbini tayari viti vilikuwa vikipangwa kwa kikao cha wazazi. Klabu zetu zinafanya mambo mengi na zinayafanya vizuri. Kucheza ndiko kunakosukumwa mpaka mwisho, kwa kuwa wazazi hatujaona kwamba kucheza ni kazi ya kulipia ukumbi.

Makaratasi yake nayo ni ya kwenu, hakuna wa kumtupia. Mkipokea watoto walio chini ya miaka 8 kwa malipo, zaidi ya saa 2 kwa siku, kwa kawaida mnapaswa kujiandikisha Ofsted, idara inayokagua shule na ulezi wa watoto, ingawa madrasa na masomo mafupi yana msamaha wake. Kila mtu mzima anayekaa na watoto apitie ukaguzi wa DBS, yaani wa rekodi ya uhalifu. Kwa anayejitolea hakuna ada ya serikali. Bima mtalipa. Fedha za kuanzia zipo: mfuko wa bahati nasibu ya taifa hutoa kati ya pauni 300 na pauni 20,000 kwa vikundi vidogo kupitia Awards for All. Sharti lililotuangusha sisi lilikuwa la undugu. Wanahitajika angalau watu wawili wasio na uhusiano wa damu, ndoa wala kuishi pamoja. Mwenyekiti wetu alikuwa dada, mweka hazina mumewe, katibu shemeji. Kwetu huko ni kuaminiana. Barua iliyorudi ilikuwa ya aya mbili.

Na kwa mzazi anayelipiwa ulezi na Universal Credit, ruzuku ya serikali kwa wenye kipato kidogo, ambayo inaweza kurudisha hadi asilimia 85 ya gharama, mlipwaji lazima awe amesajiliwa. Klabu ya ukumbini isiyosajiliwa hairudishiwi kitu.

Ukiziweka pamoja

Kwa fedha, uwanja wa mbao unashinda kwa wengi wetu, HAF inafuata ukiwa na sifa, na klabu yetu ndiyo ghali kuliko inavyoonekana, kwa sababu pauni mbili za mlangoni hazihesabu Jumamosi zote za kina mama watano.

Kwa wakati, zote tatu hugongana na madrasa. Viwanja vingi siku za shule hufunguliwa saa 9:30 alasiri na kufungwa jioni. Madrasa nyingi ni saa 11 mpaka saa 1. Watoto wetu huwa wanatoka uwanjani wenzao wanapoanza kuwasha moto. Likizoni angalau kuna mchana. Ukiwa kwenye kamati ya msikiti, lifikirie hili kabla ya kulaumu huduma za nje: siku moja tu kwa wiki ya madrasa kuanza baada ya Magharibi wakati wa majira ya joto ingebadilisha mengi. Sisemi ni rahisi, maana siku hizo Magharibi inafika saa 3 usiku.

Kwa lugha, klabu yetu haina mpinzani. Tovuti za kuweka nafasi za HAF ni za Kiingereza, zenye dirisha ndani ya dirisha, na nafasi huisha mtu akiwa bado anatafuta neno moja kwenye simu yake. Uwanja wa mbao una fomu ya ukurasa mmoja, ila ndani yake kuna swali la kabila na asili, ambalo huwasimamisha wengi kalamu hewani. Kwa nini wanataka kujua? Jibu nililolijua baada ya kukaa upande wa pili ni la kawaida mno: wafadhili hutaka hesabu. Ukiacha wazi, au ukiweka alama kwenye Mwafrika Mweusi bila kuandika zaidi, sisi hatuonekani, na mwakani fedha za mkalimani haziombwi kwa sababu hakuna aliyeonekana kumhitaji. Penye nafasi ya kuandika, andika: Mbarawa, Mbembe, Mswahili wa Mombasa. Mmanga mwenye kuzaliwa Unguja naye aandike, kisanduku chake ndicho hakijulikani kabisa.

Kwa wasichana, linganisha mlango kwa mlango. Baadhi ya viwanja vina saa za wasichana peke yao na wafanyakazi wanawake. Kama hakuna, mnaweza kuziomba, na msikubali kuambiwa sheria hairuhusu: Sheria ya Usawa ya 2010 inawapa watoa huduma nafasi ya kuchukua hatua maalumu kwa kundi ambalo ushiriki wake ni mdogo kupita kiasi. Sheria hiyo hiyo inatubana na sisi. Klabu yetu, ikiwa ni taasisi ya hisani, inaweza kulenga jamii fulani, ila haiwezi kumzuia mtu kwa rangi ya ngozi.

Kwa mchezo wenyewe, uwanja wa mbao, na hapa sina haya ya kuegemea upande. Mwaka jana wavulana wawili wa Tanga, ndugu, walikuja wakakaa kwenye benchi siku mbili. Siku ya tatu mkubwa akaokota kopo la maharage kwenye makorokoro, akaliweka katikati ya uwanja, akaanza kuhesabu amejifunika macho. Mdogo akakimbia kujificha. Wengine wakawatazama. Mtoto mmoja wa Kijamaika akauliza mchezo unaitwaje, akaambiwa kombolela, akajificha vibaya, akakamatwa, akakaa akisubiri mtu alipige teke lile kopo awakomboe. Kabla ya kufunga walikuwa kumi na wawili, na kijana wa Nairobi aliyedai huo ni brikicho alikuwa anabishana kuhusu sheria kwa Kiingereza cha London. Mfanyakazi wa zamu hakuingilia. Alikwenda tu kutafuta kopo la pili, maana la kwanza lilikuwa limepondeka.

Jambo lile halikutokea kwenye klabu yetu miaka yote, ingawa kila mmoja pale alikuwa anaijua kombolela. Ukumbi wa kukodi hauna makopo wala pa kujificha.

Nyingine, kwa ufupi

Mwenye mtoto chini ya miaka 5 aanze na kituo cha familia cha halmashauri, kwenye vile vipindi ambavyo mzazi hukaa na mtoto. Mara nyingi ni bure au pesa kidogo, na mama mgeni hupata watu wa kuongea nao kuliko mahali pengine popote. Barabara ya kuchezea, utaratibu ulioanzia Bristol mwaka 2009 ambapo wakazi hufunga mtaa wao saa chache kwa kibali cha halmashauri, ni mzuri ukiwa unakaa kwenye nyumba za mstari na majirani unawajua. Wengi wetu tuko kwenye magorofa au makazi ya muda, na utahamishwa kabla kibali hakijatoka. Zile kumbi za kulipia za mipira na mito zifaazo siku ya mvua ni za siku ya kuzaliwa, basi.

Mlioko Wales mna kitu ambacho England haina: sheria ya 2010 inayozitaka halmashauri zipime kama watoto wana nafasi za kutosha za kucheza, na ndani ya vipimo hivyo kuna sehemu nzima kuhusu mahitaji tofauti. Scotland iliingiza upimaji wake kupitia sheria ya mipango miji ya 2019. Mkiitwa kutoa maoni, nendeni, hata kama mkalimani hakutajwa. Semeni mnamtaka.

Ningekuwa wewe

Ukiwa na mtoto wa miaka 8 na kuendelea, na uwanja wa mbao uko umbali wa basi moja, nenda huko. Nenda naye siku mbili za mwanzo, ukae. Ukiwa kazini mchana kutwa, HAF ndiyo yako, ukikumbuka kwamba saa 4 hazifiki zamu nzima, kwa hiyo panga na mwenzako mbadilishane kuchukua watoto. Ukiwa na binti wa miaka 12 ambaye baba yake hajashawishika, anza na klabu ya watu wetu na usiulaumu moyo wako.

Na kwa wanaotaka kuanzisha klabu mpya: kabla ya kutafuta ukumbi, nendeni wazazi watatu kwenye uwanja ulio karibu mkaombe saa 2 za Jumamosi kabla haujafunguliwa kwa wote. Viwanja vingi hukodisha au hutoa saa hizo kwa vikundi. Mnakuwa na lango lenu, wali wenu na lugha yenu, bima na daftari la ajali vikiwa vya mwenye uwanja, ingawa hilo la bima mliulize kwa maandishi. Saa zenu zikiisha, lango linafunguliwa kwa wengine, na watoto wanaotaka kubaki wanabaki. Sisi tulipojaribu hivyo, Jumamosi ya kwanza walibaki wanne. Kina mama walikaa nje kwenye gari wakiwasubiri, vioo vimeshushwa.

Mfungie mtoto suruali ya pili na chupa ya maji. Viatu vya Idi viache nyumbani.